Chungwa la Kijani na Tangawizi Isiyo na Mbegu

Mbuzi anayezurura nyuma ya soko la Nansio, kisiwani Ukerewe, akiokota maganda hana haja ya chungwa. Ini lake hutengeneza vitamini C lenyewe, gramu kadhaa kwa siku, na akiugua huongeza kiasi. Mbwa hufanya hivyo, paka hufanya hivyo, ng'ombe pia. Binadamu hawezi. Maagizo ya kuitengeneza tunayo bado, yameandikwa katika kila chembe ya mwili, ila yaliharibika tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka na mwili haujui tena kuyasoma. Katika upungufu huu wenzetu ni wachache: nyani, simbilisi, popo wengi.

Mtu anaweza kuuita upungufu huo kasoro ya uumbaji. Mimi nauona kuwa adabu. Kiumbe aliyepewa akili ya kuunda mtumbwi na kuvuka ziwa alinyimwa kitu ambacho mbuzi anacho, kisha kitu hicho kikatundikwa mtini, kikatiwa sukari na harufu nzuri, ili akitaka kuishi ainue mkono akichume. Wala hakihitajiki kwa wingi. Miligramu 75 hadi 90 kwa siku zinamtosha mtu mzima, na chungwa moja la wastani lina kama 70. Lakini akikikosa kwa miezi michache fizi hutoka damu, meno hulegea, na makovu ya zamani hufunguka upya kuwa vidonda. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye, uliowamaliza mabaharia wengi katika safari ndefu za tanga. Mwaka 1747 tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 waliougua, akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine machungwa na malimau. Wa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi, ndani ya siku chache tu, ilhali waliokunywa maji ya bahari walibaki na maradhi yao.

Sasa, Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, ni kisiwa cha machungwa. Hakuna kisiwa kikubwa kuliko hiki katika maziwa yote ya Afrika, na Nansio ndio mlango wake. Meli kutoka Mwanza hutumia saa tatu na ushee kufika gatini. Msimu ukikubali, mafungu ya machungwa hupangwa chini juu ya viroba, na mgeni kutoka mjini akiyaona hukunja uso.

"Shikamoo mama. Haya mbona hayajaiva?"

"Marahaba. Onja kwanza, mwanangu, ndipo useme."

Muuzaji hulikata moja, na mgeni hunyamaza. Ndani ni tamu tupu, nje ni kijani kama jani. Ganda la chungwa hugeuka rangi likipigwa na baridi za usiku. Ndipo klorofili inapoondoka na ile rangi ya moto inapojitokeza. Usiku wa Nansio haupoi kiasi hicho. Basi chungwa la kisiwani huiva kimyakimya, bila kutangaza. Katika nchi nyingine machungwa yenye kijani huingizwa vyumbani yakapuliziwa gesi iitwayo etileni ili ganda lipate rangi ya kumfurahisha mnunuzi. Ladha haiongezeki hata chembe. Etileni tutakutana nayo tena, kwa sababu wazee wetu waliitumia bila kuijua.

Ninayazungumza haya kwa sababu ya kinywaji kimoja tu, juisi nzito ya matunda na tangawizi, ile ambayo vijana wa mjini wanaiita smuthi na ambayo yeyote mwenye blenda, au hata kinu, anaweza kuiandaa nyumbani kwa dakika chache. Watu wengi hudhani uzuri wake unatengenezwa jikoni. Ukweli ni kwamba kazi yote kubwa imeshafanyika kabla hujawasha blenda, na kilichobaki kwetu ni kutoharibu.

Anza na maji. Chungwa ni maji kwa asilimia 87 hivi. Papai na nanasi hayapishani nalo sana. Maji hayo yametoka wapi? Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini halijazwi hasa na mito. Kagera, Mara, Nzoia na mingineyo huleta sehemu ndogo. Kama asilimia 80 ya maji yake huanguka moja kwa moja kutoka mawinguni, na kiasi kinachokaribia hicho hupaa tena kuwa mvuke, kinachobaki kikitokea Jinja kuanza safari ya Mto Nile. Usiku nchi kavu hupoa upesi na ziwa hubaki na joto lake, upepo huvuma kutoka kila upande wa ufuko kuelekea majini, hewa hukutana, hupanda, na ngurumo huanza. Wavuvi wa dagaa wanaijua saa hiyo na wanaiogopa. Kisiwa kilichozungukwa na maji yote haya hunyeshewa mvua ambayo juzi ilikuwa mawimbi.

Mchungwa huyanyonya maji hayo kupitia udongo wa kichanga, huyatia sukari na asidi, kisha huyafungia ndani ya vifuko vidogo visivyo na idadi, kila kifuko na ngozi yake nyembamba inayong'aa ukiinua kipande cha chungwa kwenye mwanga. Maji ya ziwa hilohilo ukiyachota ufukweni ukayanywa yalivyo yanaweza kukuletea homa ya matumbo au kipindupindu. Yakipita ndani ya mti yanakufikia safi, matamu, yamefungwa. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: usitie maji kwenye juisi yako. Kamua machungwa mawili au matatu. Hayo ndiyo maji, yalishachujwa. Ukilazimika kuongeza, yawe yaliyochemshwa yakapoa, na barafu nayo iwe imegandishwa kwa maji ya namna hiyo. Nimeona watu wakichemsha maji ya kunywa kwa uangalifu mkubwa, halafu wakatumbukiza barafu ya kununua ambayo hawajui ilikotoka.

Sasa tufike kwenye tangawizi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nchini mwetu hulimwa zaidi sehemu kama Same huko Kilimanjaro, Kigoma na Ruvuma. Nansio hufika kwa meli, ndani ya magunia, ikiwa na udongo wa huko ilikotoka. Watu huiona kuwa ni mzizi. Ichukue mkononi uitazame vizuri: ina vipingili kama muwa, na kwenye vipingili ina macho. Mizizi haina macho. Tangawizi ni shina, shina lililopangiwa kutambaa chini ya ardhi, likijiwekea akiba gizani na kurusha majani juu pale linapotaka. Shambani huchanua kwa nadra, na hata ikichanua haizai mbegu. Tena hakuna tangawizi ya mwituni inayojulikana popote duniani. Asili yake ni Asia, lakini huko Asia kwenyewe ipo mashambani tu.

Fikiri maana yake. Mmea usio na mbegu hauwezi kubebwa na ndege, wala na upepo, wala na tumbo la popo. Hauna njia ya kutoka kijiji kimoja kwenda cha pili isipokuwa mtu aukate, auweke mfukoni, na afike nao. Kipande unachonunua Nansio kwa sarafu chache ni kipande cha kipande cha kipande, mwili uleule ukiendelea kukatwa na kupandwa kwa maelfu ya miaka bila kukatika hata mara moja, kwa sababu katika kila kizazi alikuwapo mtu aliyebakiza kidogo asikile. Kizazi kimoja tu kingekula chote, tusingekuwa nayo. Ninapofika hapo huwa nakaa kimya kidogo. Muumba aliumba kitu, akakikabidhi mikononi mwa watu wasiojuana, na mikono hiyo haikukiangusha.

Katika Qur'ani, Surat Al-Insan inaitaja tangawizi kuwa kichanganyio cha kinywaji cha watu wa Peponi. Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo kinaweka mimea na miti ya matunda siku ya tatu, kabla ya mtu kuumbwa. Chakula kilimtangulia mlaji. Kisiwani Ukerewe, wanaosoma kitabu kimoja na wanaosoma kingine hununua tangawizi kwenye genge moja.

Na ule ukali wake? Tangawizi mbichi ikiwa imetoka tu kwenye jokofu bado huchoma. Ndani yake mna kitu kiitwacho jinjeroli. Kwenye ulimi na kooni tumewekewa vipokezi vya joto, ambavyo kazi yake ni kutuonya pale kitu kinapopita nyuzi 43 hivi na kukaribia kuunguza. Jinjeroli huvigusa vipokezi hivyohivyo na kuvifungua bila moto wowote kuwapo. Ni kama mlinzi wa usiku aliyefundishwa kupiga filimbi akiona moto, anayeipiga kila akipita mtu mwenye koti jekundu. Ubongo husadiki, jasho hutoka puani, mwili mzima huchangamka, na hakuna kilichoungua. Pilipili hupita mlango huohuo. Mwaka 2021 mwanasayansi David Julius, aliyekitambua kipokezi hicho kwa kutumia kiini cha ukali wa pilipili, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Bibi zetu hawakupewa tuzo, lakini walijua kwamba tangawizi inapasha mwili joto siku ya mvua.

Jinjeroli ni kitu cha kugeukageuka. Tangawizi ikikaushwa hubadilika kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana unga wa tangawizi kavu unachoma kuliko mbichi. Ikichemshwa hupata zinjeroni, laini na yenye harufu tamu, na hiyo ndiyo unayoinusa kwenye chai ya maziwa iliyotokota. Katika juisi isiyopikwa unaipata ilivyo, mbichi, na kwa hiyo kipande kidogo kinatosha: urefu wa nusu ya dole gumba kwa bilauri tatu. Mwanzoni punguza hata hapo.

Ndizi ni ndugu wa tangawizi kwa msiba. Vidoti vyeusi unavyoviona katikati ya ndizi mbivu ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukua. Ndizi za porini huko Asia zina mbegu ngumu za kuvunja jino. Hizi zetu zimejaa nyama na hazina uzazi, zinategemea chipukizi ling'olewe shina moja na kupandikizwa kwingine. Watu wa New Guinea walikuwa wakipanda migomba kama miaka 7,000 iliyopita. Ilifikaje kwenye Maziwa Makuu? Kwa mkono, chipukizi baada ya chipukizi, na ikapapenda huku hadi Kagera na Uganda wakawa na aina zao zisizopatikana kwingine. Aniceti Kitereza, mwandishi wa hapahapa Ukerewe, alipomaliza mwaka 1945 ile riwaya yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, iliyokuja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, aliweka humo pombe ya ndizi kama faini ambayo mume anadaiwa ukweni ili arudishiwe mkewe. Mgomba ulikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa Kitereza ni mwenyeji anayekalia kesi za ukoo.

Mkono unaookoa ndio huohuo unaoangamiza, hilo nalo tusilifiche. Ugonjwa wa mnyauko uliotesa migomba ya Kagera husambazwa, pamoja na njia nyingine, na kisu na chipukizi: mtu anakata mgomba mgonjwa, anahamia mzima bila kusafisha kisu.

Ndizi ya juisi iwe imeiva hadi iwe na madoa meusi. Ndizi mbichi, moja ya tano hivi ya uzito wake ni wanga. Ikiiva barabara wanga hubaki asilimia moja au mbili, mwingine wote umekuwa sukari. Anayefanya kazi hiyo ni etileni, gesi ya atomu mbili za kaboni na nne za hidrojeni, isiyoonekana. Tunda linaloiva huitoa, nayo huliambia tunda la jirani liive. Wazee walipovundika ndizi shimoni, wakazifunika kwa majani makavu, walikuwa wanaizuia gesi hiyo isitoroke. Ukitaka ndizi ziwahi, zifunge mfukoni pamoja na papai lililoanza kuiva, uziache siku moja au mbili. Papai litazishawishi.

Hebu sasa tuyahesabu yaliyo mezani. Ndizi, New Guinea na jirani zake. Tangawizi, Asia. Chungwa, mzaliwa wa Asia ya mashariki. Embe, India na Burma. Papai, Meksiko na Amerika ya Kati. Nanasi na karanga, Amerika ya Kusini. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa Afrika! Wa Asia walivuka Bahari ya Hindi, sehemu kubwa kwa majahazi yaliyongoja kaskazi. Wa Amerika walikuja baada ya merikebu za Wareno kuzizunguka pwani zetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Mreno wa kwanza, aliandaliwa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni malimau ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Jihadhari basi na anayekwambia kwamba tangawizi na matunda pamoja ni mtindo ulioletwa na simu za mkononi.

Nanasi linastahili sentensi zake. Huku kwetu mazuri huvuka kutoka upande wa Sengerema na Geita. Si tunda moja. Ni maua mia moja hadi mia mbili yaliyoungana mwili, kila jicho la ganda likiwa ua lililokuwa na maisha yake. Chukua kalamu uhesabu mistari ya macho inayozunguka kulia, kisha inayozunguka kushoto. Mara nyingi utapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Jumlisha 8 na 13 upate 21, nayo ipo, kwenye mistari iliyosimama wima zaidi. Utaratibu wa namba hizi, kila moja ikiwa jumla ya mbili zilizotangulia, uko pia kwenye ua la alizeti. Mkulima hakuufundisha mmea kuhesabu.

Nanasi linauma ulimi kwa sababu lina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, yaani unapolila nalo linajaribu kukula. Papai lina cha kwake, tangawizi ina cha kwake. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa jikoni: wanatia maziwa au mtindi, wanasaga, wanaweka jagi kwenye jokofu hadi jioni, halafu wanakuta juisi chungu na kusema papai lilikuwa bovu. Vimeng'enya hivyo vilikuwa kazini muda wote vikiikatakata protini ya maziwa, na vipande vyake ni vichungu. Ukitaka maziwa, kunywa papo hapo. Chungwa nalo lina tabia ya namna hiyo: likikamuliwa na kuachwa, uchungu huzuka taratibu, na mbegu zake zikisagwa uchungu huja mara moja. Toa mbegu zote.

Kwa bilauri tatu, basi: machungwa mawili au matatu yaliyokamuliwa, nusu ya papai dogo, ndizi mbivu moja kubwa au mbili ndogo, vipande vya nanasi vya kujaza kiganja, tangawizi ile ya nusu dole gumba, nusu ndimu, na kijiko kimoja cha karanga za kukaanga zilizosagwa. Osha matunda kabla ya kuyamenya, na kisu pia. Tangawizi iparuze ganda kwa ncha ya kijiko, maana kisu hula nyama nyingi, kisha ikate kwa kuvuka nyuzi zake, vipande vyembamba. Itie kwenye blenda kwanza pamoja na maji ya machungwa uisage hadi isionekane. Ukiitia mwisho utakutana na nyuzi katikati ya meno. Ndipo yafuate mengine. Ndimu huzuia ndizi isigeuke rangi kuwa kahawia. Umeme ukikatika, twanga tangawizi kinuni, ponda ndizi na papai kwa uma, vuruga na maji ya machungwa. Inakuwa na mabonge kidogo, na mimi siioni kuwa mbaya zaidi. Msimu wa maembe ukifika, mwishoni mwa mwaka, papai linaweza kumpisha embe dodo.

Karanga nilizozitaja hazikuja kwa ajili ya ladha peke yake. Rangi ya papai na ya embe ni ya karotini, na mwili hauipokei vizuri pasipo mafuta kidogo. Ikishaingia, mwili huikata katikati kuwa vitamini A, na huikata kwa kadiri ya haja yake. Iliyozidi huiacha, kwa hiyo papai halijawahi kumzidishia mtu vitamini hiyo kama vidonge vinavyoweza kufanya. Kutokana na vitamini hiyo jicho hujitengenezea kitu kilichopinda, ambacho mwanga ukikigusa hunyooka, na kule kunyooka ndiko kuona. Mvuvi aliye ziwani usiku usio na mwezi, akiangalia taa yake inavyovuta dagaa, anaona kwa rangi iliyowahi kuwa ndani ya jani au tunda. Watoto wanaoikosa hushindwa kuona jua likishazama.

Nilisema kazi yetu ni kutoharibu, na waharibifu ni wawili: chujio na sukari. Kuchuja juisi ni kutupa nyuzinyuzi, zile ambazo huisaidia sukari ya tunda iingie mwilini taratibu na tumbo lifanye kazi yake. Kuongeza sukari kwenye ndizi yenye madoa na papai bivu ni utovu wa shukrani, sioni neno jingine. Kiasi nacho kina adabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, lakini linahesabu hata sukari ya asili ya juisi katika zile za kupunguzwa. Bilauri moja kwa siku inatosha, na tunda la kutafuna linabaki kuwa bora. Mwenye kisukari ale la kutafuna. Tangawizi inasaidia kichefuchefu, hasa cha wajawazito, hilo limepimwa likaonekana. Mengine mengi yanayosemwa juu yake, hasa yale ya mwaka 2020 ilipopanda bei sokoni pamoja na malimau kwa hofu ya korona, yalikuwa matumaini kuliko ushahidi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuizoea.

Na wewe msomaji, ukinunua tangawizi, chagua kipande kimoja chenye jicho lililoanza kuchomoza usikisage. Kifukie kina cha vidole viwili au vitatu kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, udongo ulegee na uwe na samadi, jicho litazame juu, mahali penye kivuli cha nusu siku. Mwagilia pasituame maji. Baada ya miezi minane hadi kumi majani yatanyauka, na hapo utafukua. Bakiza kipande kimoja umpe jirani.